Kompyuta ya Gemu na Amana ya Mshauri



Ndugu msomaji, tukifundishwa amana darasani hupewa mifano mikubwa: mali ya yatima, wasia wa marehemu, hukumu ya kadhi. Makala haya yanachukua mfano mdogo, nao ni orodha ya vipuri vya kompyuta. Nimeuchagua kwa sababu wengi wetu hatutakuwa makadhi, lakini kila mmoja wetu ataulizwa siku moja, "Wewe unayejua, ninunue nini?"

Mimi nilishaulizwa. Nina rafiki wa utotoni anayeishi Sop Sop, wilaya ya Tororo. Ni Mkatoliki, analima mihogo na kuendesha bodaboda. Kwa muda mrefu aliweka akiba hadi ikafika shilingi 1,300,000 za Uganda, na anachotaka ni kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu za mpira na za mbio za magari usiku akishapaki pikipiki. Skrini anayo. Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, lakini hosteli nzima huniletea kompyuta zao zikizima, na yeye analijua hilo. Akaniambia, "Ndugu yangu, chagua wewe, mimi nitalipa."

Nilipowaeleza wenzangu chuoni, wakagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema nisisaidie kabisa, kwa kuwa gemu ni upuuzi na anayesaidia upuuzi ana fungu lake. Kundi la pili lilitoa rai iliyoonekana ya hekima zaidi: "Msaidie, lakini mchagulie kompyuta ya kazi. Mwambie hiyo ndiyo ya gemu. Gemu zikigoma atajifunza kuandika na kupiga hesabu, nawe utakuwa umemwokoa bila yeye kujua."

Rai ya kwanza naijibu kwa ufupi. Mchezo kwa asili yake si haramu. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akamwachia Bibi Aisha (r.a.) nafasi ya kuwatazama. Yeye mwenyewe alishindana mbio na mkewe. Kinachoharamisha mchezo ni yanayoambatana nao, kama kamari, uchafu, au wajibu kuachwa. Anayeona shaka ana haki ya kukataa kusaidia, tena akatae waziwazi. Lakini mimi nilikubali, na kuanzia hapo swali halikuwa tena juu ya gemu. Likawa juu yangu: je, ninaweza kumdanganya mtu kwa faida yake?

Wenye rai ya pili wana hoja nzito, nami sitaki kuipunguza uzito. Walinikumbusha kisa cha Nabii Musa na Khidhr katika Suratul-Kahf. Khidhr aliitoboa jahazi ya maskini bila kuwaambia wenyewe, kumbe mbele kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila jahazi nzima. Wenye jahazi walipata hasara ndogo wakaepushwa na hasara kubwa. Kwa nini basi mimi nisiitoboe kompyuta kidogo?

Jibu limo ndani ya kisa chenyewe. Khidhr alisema wazi kwamba hakutenda kwa amri yake mwenyewe. Alipewa elimu ambayo hata Musa, Nabii wa Mwenyezi Mungu, hakuwa nayo. Mimi sina elimu hiyo. Sijui kama usiku wa gemu utamharibu rafiki yangu, au utamweka nyumbani asiende kunywa waragi kwenye kona. Anayejifanya Khidhr bila ufunuo ameiazima kazi ya Khidhr na kuiacha elimu yake.

Wengine hushika hoja ya nia, kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Ni kweli, lakini nia njema haikigeuzi kitendo kibaya kuwa chema. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, alimkemea muuzaji kwa kutouweka unyevu juu, watu wauone. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua, na utetezi huo haukumwokoa. Kosa lilikuwa katika kuficha. Nikimpa rafiki yangu mashine isiyoweza kazi aliyoitaka na kuiita jina la ile inayoweza, nami nimeweka kavu juu na mbichi chini.

Tena kuna jambo ambalo halimo katika hesabu ya pesa. Mtu mzima ataulizwa na Mola wake juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia wapi. Nikimchagulia kwa hila nimemnyang'anya nafasi ya kuamua, nafasi ileile atakayoulizwa juu yake. Nasaha humwacha mtu akiwa na macho mawili. Hila humfumba macho, hata ikiwa inamvusha barabara.

Kuna aliyeninong'oneza pia kwamba yeye si Muislamu, kwa hiyo jambo ni jepesi. Hapana. Usiku wa Hijra, mwaka 622, Mtume (s.a.w.) alimwacha Ali (r.a.) Makka ili arudishe amana za watu, na wengi wa wenye amana hizo walikuwa katika kabila lililotaka kumuua. Safari yenyewe iliongozwa na Abdullah bin Urayqit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya washirikina. Alikabidhiwa ngamia na siri ya njia, akatimiza. Ikiwa amana ilivuka mpaka wa dini siku ile, itashindwaje kuvuka kutoka hosteli yetu hadi Sop Sop?

Sasa tuje kwenye vipuri vyenyewe, kwa maana amana bila elimu ni maneno matupu. Wanazuoni wamesema anayejitia uganga bila kuujua hudhaminishwa madhara yake, na mshauri wa manunuzi yuko karibu na hapo. Soko la kompyuta limejaa majina yanayodanganya. Chukua kadi ya michoro iitwayo GT 1030. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 likaja toleo la DDR4 lenye jina lilelile, ambalo kasi ya kumbukumbu yake ni karibu theluthi moja tu ya lile la kwanza. Ziko pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hugundua nyingi za namna hiyo, lakini ni lazima uiwashe kabla ya kulipa. Fiqhi ina neno kwa biashara ya kitu kisichojulikana kilivyo: gharari.

Kompyuta za maofisini za mtumba ndizo mwanzo mzuri kwa mwenye pesa kidogo, nazo zina siri zake. Yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 au cha 7 huwa rahisi, lakini Windows 11 haizikubali rasmi, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kizazi cha 8, kama i5-8500 yenye kori sita, kinakubalika. Kuna GTX 1650 zinazokula wati 75 na kuchukua umeme wote kwenye madabodi, bila waya wa ziada, kwa hiyo hazihitaji pawa saplai kubwa. Lakini kasha likiwa jembamba kadi ya kawaida haiingii, inatakiwa ile fupi. RAM ziwe mbili za GB 8, si moja ya GB 16, kwa sababu mbili hufanya kazi kwa pamoja na gemu hunufaika. Na umeme wa kijijini ukipanda na kushuka, stabilaiza ni sehemu ya kompyuta, isiachwe nje ya bajeti.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Busia. Duka moja upande wa pili wa mpaka liliniambia, "Mlete mteja wako, tutakutoa 50,000." Udalali ni kazi halali na ujira wake ni halali. Lakini mimi nilikuwa wakili wa mnunuzi, na wakili hali pande mbili kwa siri. Ujira ule ungeongezwa kwenye bei, yaani ungetoka mfukoni mwake bila yeye kujua. Dawa yake ni ndogo: mwambie. Nilimwambia, naye akasema hiyo 50,000 ipunguzwe kwenye bei. Duka likakubali.

Kabla ya kununua nilimweleza na jambo ambalo hakuniuliza. Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu pesa ile ingemfaa zaidi kwenye tairi na injini ya pikipiki, kwamba gemu hula usiku wa mtu polepole, na kwamba kama atakubali kompyuta ya kazi tu atabaki na akiba. Nikampa orodha mbili, ya gemu na ya kazi, kila moja na bei yake na udhaifu wake. Alifikiri siku mbili, akachagua ya gemu. Nikamtafutia ya gemu, ileile, iliyo bora kwa pesa yake.

Wenzangu waliniambia nimeshindwa. Naona sivyo. Kazi ya mshauri ni kusema kweli yote, hata isiyoulizwa, kisha kuchagua kwa uaminifu kile ambacho mwenye mali ameamua. Akizidisha hapo kwa hila amejifanya mlezi wa mtu asiye mtoto. Akipunguza kwa kunyamaza amehini. Kati ya mawili hayo kuna njia nyembamba, na kesho mwenzako atakapokuuliza simu gani, kiwanja kipi au chuo gani, utaombwa kuipita.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozichunga amana zao, kubwa na ndogo. Wabillahi tawfiq.