Tawakali na Hofu

Husemwa mara nyingi, hata mimbarini, ya kwamba mwenye imani haogopi. Na yule msikilizaji ambaye usiku wa jana hakupata lepe la usingizi kwa kuliwaza jambo zito alilokusudia kulitenda, huondoka kanisani ameongezewa mzigo wa pili, maana sasa haiogopi hatari peke yake, bali aiogopa na hofu yenyewe, akiidhania kuwa ni ushahidi wa ukafiri uliojificha moyoni mwake. Kauli hiyo naiona ni dhuluma. Yesu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, alifadhaika mpaka akaomba aepushwe na mauti, na hapana Mkristo athubutuye kusema kwamba imani yake ilipungua.

Basi tawakali ni nini? Mtu aliye na hati mkononi ya kwamba mali yake haitapotea wala chombo chake hakitazama, hana haja ya kumtumaini yeyote. Tumaini huanza pale hati inapokosekana. Na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwani hudhani tunamtumaini Mungu, kumbe tunayatumaini matokeo tuliyojichagulia, naye tumemfanya wakili wa kutuletea hayo. Nayo yakienda kombo, twalia kwamba ahadi imevunjwa, ilhali kilichovunjika ni mkataba tuliouandika peke yetu.

Wala sisemi kwamba mtu ajitupe. Shetani alipomtaka Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, alikataa, kwa kuwa kujirusha ili kuona kama utadakwa ni kumjaribu Mungu. Vivyo hivyo nahodha anayeng'oa nanga bila kuikagua kalafati, akisema Mola yupo, hajatawakali bado. Hofu iliyo na kiasi naifananisha na farumi: chombo kisicho nayo hupinduliwa na upepo wa kwanza.

Nikitafakari haya humkumbuka mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, baada ya njia ya Uhabeshi kumfungika. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, alikuwa amempa barua ya kumwombea hisani kwa maliwali wake wa pwani, lakini barua ya sultani haina amri juu ya homa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine akafariki, na binti yao mchanga akamfuata, nao wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, huku Krapf mwenyewe akiwa hoi kwa maradhi yale yale. Wako wanaoisimulia habari hii kwa haraka, kana kwamba kaburi lile lilikuwa ngazi tu ya kuipandia kazi iliyofuata, na mume yule hakuwa na machozi. Mimi siwezi. Hekima ya kumtafutia Mungu sababu za mauti ya mtoto mchanga sinayo, wala siitamani.

Nionacho ni kitu kidogo zaidi, nacho chanitosha. Kila kitu ambacho mtu yule angaliweza kukidai kama malipo ya ujasiri wake kilikuwa kimeondolewa, na hata hivyo aliendelea na kazi ya kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kazi aliyoianza mwezi mmoja kabla ya msiba, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin, Mwislamu aliyempa elimu yake bila ya kuwa wa dini yake. Sidhani kwamba hofu ilikuwa imemwacha. Mtu aliyekwisha kuiona homa ikiwachukua wawili nyumbani mwake aijua hofu vizuri kuliko sisi tunaoizungumza. Alipopata mwenzi wa kazi, Johannes Rebmann, mwaka 1846, homa iliwashika wote wawili, na mwezi wa Agosti, nguvu hazijawarudia, wakatoka Mombasa, wakashika njia ya kupanda kwenda Rabai.