Winda la Mtoto na Swala ya Mamake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu:

Katika darsa yetu ya baada ya Alasiri aliingia mama mmoja kijana, mtoto begani, akakaa nyuma karibu na mlango. Tulipokwisha kusoma alimtuma mwenzake atuulize: mwanamke aliyetoka nifasini, naye mtoto wake humkojolea mchana kutwa, aswali kwa nguo gani? Nasi tukamwuliza, "Wewe, binti yetu, waswali kwa nguo gani?" Akanyamaza. Kisha akasema kuwa ni mwezi wa tatu sasa hakusujudu, kwani mavyaa wake amemwambia mzazi hawi tahiri mpaka mtoto aache winda. Alijaribu nepi za kutupa, akazikopa dukani. Deni lilipomwelemea akarejea kwenye matambara, na swala ikenda zake.

Hatumlaumu. Lawama ni yetu sisi tunaofundisha nguzo za swala mwaka baada ya mwaka na huku twaona haya kulitaja winda.

Basi na ijulikane kwanza kuwa mwanamke akikatikiwa na damu ya nifasi na akaoga, yeye ni tahiri. Najisi ya mtoto ikiigusa nguo yake huoshwa pale ilipogusa, naye mwenyewe hapungui kitu. Wala kushika winda chafu hakutengui udhu. Mkono huoshwa, basi. Kitenguacho, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni kugusa tupu kwa kiganja, hata ikiwa ni tupu ya mtoto. Kwa hivyo mwenye udhu na amsafishe kwa kitambaa kilicho baina ya kiganja na ngozi, asije akaupoteza udhu wake na huku mfereji umekauka.

Tena sheria imefanya wepesi ambao wengi hawaujui. Wamepokea Bukhari na Muslim kuwa Ummu Qays alimpeleka kwa Mtume (s.a.w.) mwanawe mchanga asiyekula chakula bado. Mtume akampakata, mtoto akaikojolea nguo yake. Akataka maji akayanyunyiza, wala hakuifua. Ndipo wanavyuoni wetu wakasema kuwa mkojo wa mtoto mwanamume asiyepita miaka 2, ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea mahali pote ulipofika, baada ya kukamuliwa au kukauka. Mkojo wa mtoto mwanamke huoshwa, na wa mwanamume aliyeanza uji huoshwa vile vile. Ama haja kubwa huoshwa kwa wote.

Na yule aonaye kuwa mtoto hasogei karibu na mswala, na akumbuke kuwa Mtume aliswali naye amembeba mjukuu wake Umama binti Zainab. Alisimama naye, na aliposujudu akamweka chini. Ila likijulikana winda kuwa lina najisi, asibebwe ndani ya swala, kwani ambebaye huwa amebeba na najisi.

Sasa tuje kwenye winda lenyewe, maana binti yetu aliuliza pia aanzeje. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hata 12 kwa siku moja. Kwa hivyo mawinda 24 yatamtosha anayefua kila siku, na anayefua siku moja baada ya moja aongeze dazani nyingine. Si lazima yanunuliwe yote. Leso kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa hukatwa ikawa winda jema kuliko kitambaa kipya. Anayenunua na atafute melimeli au pamba ya taulo, kipande cha mraba, kila upande yapata sentimita 60, akifue mara tatu nne kabla ya kukitumia, kwani pamba mpya hainyonyi maji vizuri. Hukunjwa pembe tatu, ncha moja ikapita katikati ya miguu, nazo mbili zikakutana tumboni. Apigaye pini na auweke mkono wake baina ya pini na ngozi ya mtoto, achomwe yeye. Juu yake huvishwa chupi isiyopenyeza maji, wala isikazwe. Na kila siku mtoto aachwe kitambo bila kufungwa kitu, ngozi ipate hewa, vipele visimshike.

Katika kufua ndipo watu wengi wanapokosea. Huyakusanya mawinda yote katika beseni la maji machache, wakayafikicha kwa sabuni, wakayakamua na kuyaanika. Katika madhehebu yetu maji yasiyotimia qulla mbili, nayo ni zaidi ya lita 200, yakiingiliwa na najisi hunajisika hata kama hayakugeuka; basi nguo iliyotoka humo haikutoharika, ijapokuwa yanukia sabuni. Dawa yake ni nyepesi. Haja kubwa na ikung'utwe chooni. Mawinda yafuliwe kwa sabuni apendavyo mtu, kisha maji yale yamwagwe, beseni lisuuzwe, na maji safi yamiminwe juu ya nguo mpaka yaenee kote, zikamuliwe. Maji ndiyo yaijie nguo, si nguo iyaendee maji. Mashine ya kufulia imwagayo maji machafu na kuleta mapya hufanya kazi hiyo hiyo, maadamu hakukubaki athari. Na doa lililokataa kutoka baada ya kufuliwa kwa bidii halidhuru. Jua la saa sita litalififisha. Anayefua mara kumi kwa ajili ya doa, huyo yumo katika wasiwasi, si katika twahara.

Mtatuambia, maji yako wapi? Ni kweli, mijini mwetu mfereji hukauka siku nyingi. Lakini maji ya kisima yenye chumvi hutoharisha, na bahari yenyewe hutoharisha. Mtume alipoulizwa juu ya maji yake alisema ni tahiri. Tumieni hayo kwa kuondoa najisi, na kata mbili tatu za maji matamu ziwe za mwisho, chumvi isimwashe mtoto.

Nepi za kutupa hatuziharimishi. Msafiri na mgonjwa zamfaa, na mwenye uwezo asiulizwe. Lakini kukopa kila wiki kitu cha kutupwa ni mzigo ambao sheria haikumtwika mtu. Na wale wazitupao vichochoroni na ufuoni na haja imo ndani, watazame makatazo ya Mtume juu ya kujisaidia njiani na katika vivuli vya watu, wajipime wenyewe.

Wako pia wasemao kuwa winda likilala kambani baada ya Magharibi mtoto huingiwa na shetani, na dawa yake ni hirizi. Winda hulala nje likapata umande. Kesho lianikeni tena.

Neno letu kwa akina baba. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Ndoo ya maji ni nzito, na aliyejifungua juzi si wa kuipandisha ghorofani.

Binti yetu aliuliza mwisho juu ya swala zilizompita. Za siku za nifasi halipi. Za baada ya hapo azilipe, na aanze leo: kila akiswali faradhi ya wakati wake aongeze na iliyompita, mpaka ziishe. Na katika dakika hizo mtoto ashikwe na babake, na winda likilowa, alibadilishe yeye.

Wallahu aalam.