"Ni Ile Ile Tu"

Juzi dada alinituma dukani nimnunulie mwanawe dawa ya kikohozi. Alinipa na chupa tupu ya kuonyeshea. Muuzaji akaitazama, akanipa nyingine. "Hiyo imekwisha. Chukua hii, ni ile ile tu bwana." Nikachukua. Njiani nikajiuliza: ile ile, kasema nani?

Ndugu msomaji, neno hili limewahi kuua. Mwaka 1937 kule Marekani, kampuni ya S.E. Massengill ilitaka kuuza sulfanilamaidi, dawa ya vidonge, kwa namna ya maji. Mkemia wake, Harold Watkins, akatafuta cha kuiyeyushia, akapata dietilini glikoli. Ni tamu, ni nzito, haina rangi. Wakatia ladha ya rasiberi, wakatazama sura, ladha na harufu. Safi! Sumu hakuna aliyeipima. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wakiwamo.

Mwenye kampuni akasema hana lawama, eti mambo hayo yasingeweza kuonekana mapema. Na sheria ya wakati ule haikulazimisha dawa ipimwe usalama kabla ya kuuzwa. Alitozwa faini kwa sababu ya jina: dawa iliitwa eliksa, maana yake ina pombe, na pombe haikuwamo! Watkins alijiua. Mwaka 1938 sheria ikabadilishwa.

Je, asiyejua ana hatia? Wapo watakaosema hana. Mimi naona kutojua kuko kwa namna mbili. Yupo asiye na njia ya kujua, huyo tumhurumie. Na yupo mwenye njia, ila anaona kuuliza ni usumbufu. Kampuni ile ingejaribu kwa wanyama kwanza, ingejua. Na mwaka 2022 kule Gambia, watoto zaidi ya 60 walipokufa kwa maradhi ya figo, Shirika la Afya Duniani lilikuta kemikali hiyo hiyo katika dawa za kikohozi. Miaka 85 imepita! Hapo nani atasema hakujua?

Lakini kabla sijamnyoshea mtu kidole, nami si nilichukua nikaondoka?

Nikarudi dukani. Tukaziweka chupa mbili mezani, muuzaji kanuna, tukasoma. Moja ya mtoto. Nyingine ya mtu mzima.

Alinirudishia pesa bila neno. Nami sikuwa na la kumwambia, maana tulibakiza kidogo tu tuwe na hatia moja, yeye kwa kusema, mimi kwa kunyamaza.