Mbwa Aliyeachwa na Uaminifu Wetu



Somo letu la mwezi huu ni fupi, nalo ni Mithali 12:10. Twawaomba mlifungue na kulisoma nyumbani mbele ya watoto. Hapo mwenye hekima haulizi mtu asali mara ngapi, wala sadaka yake ni kiasi gani. Aipima haki ya mtu kwa jinsi amtunzavyo mnyama wake. Na kipimo hiki ni kikali, kwa maana mnyama hawezi kutushitaki barazani, wala hawezi kutusifu mbele ya wazee wa kanisa. Tumtendealo mnyama twalitenda mbele ya Mungu peke yake.

Basi tutazame jambo moja lililo karibu nasi. Katika Mabatini, hapa Mwanza, nyumba zimepanda kilima, bati karibu na bati, katikati ya majabali, na njia zake ni nyembamba. Mwenye nyumba ahofuye wezi hutafuta mbwa mkubwa. Wengi hupenda mbwa wa Kijerumani, aitwaye jamani shepadi. Mbwa huyu hakutokea kwa ajili ya kufungwa mnyororo. Mwaka 1899 afisa mmoja wa Kijerumani, Max von Stephanitz, alianza kuitunza jamii yake kutoka katika mbwa waliochunga kondoo. Yeye ni mchungaji kwa asili. Ataka kundi la kulitunza na sauti ya kuifuata.

Akiwa mtoto hupendwa na wote. Lakini akikua, uzito wake waweza kufika kilo 30 hata 40, na chakula chake ni kingi. Kisha bwana wake ahama, au kodi ya nyumba yapanda, au mbwa augua ngozi. Ndipo lango hufunguliwa usiku, na yule aliyelinda nyumba aambiwa aende zake. Asubuhi yupo palepale mlangoni, akingoja. Huo ndio uaminifu wake, na huo ndio ushuhuda juu yetu.

Wako watu waliowahurumia mbwa wa namna hii. Nairobi pana chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoanza mwaka 1910, nacho hupokea mbwa walioachwa na kuwatafutia nyumba mpya. Usa River katika mkoa wa Arusha, si mbali na Makumira walikosomea wachungaji wetu wengi, liko kundi liitwalo Mbwa wa Africa, nalo lafanya kazi iyo hiyo. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza katika nchi yetu kumtesa mnyama. Lakini sheria yaweza kuzuia fimbo tu. Haiwezi kufungua mlango. Kazi ya kufungua mlango ni ya mtu mwenye moyo wa huruma.

Je, Mkristo akitaka kumpokea mbwa kama huyo, yampasa nini?

Kwanza, na ahesabu gharama, kama Bwana wetu alivyofundisha katika Luka 14 habari ya mtu atakaye kujenga mnara. Mbwa mkubwa aweza kuishi miaka 10 na zaidi. Je, tutapata unga na dagaa wa kila siku, siyo wa mwezi huu tu? Je, tuna ua wa kumtosha, au ni kijia tu kati ya jabali na ukuta wa jirani? Tukihama, tutakwenda naye? Asiyeweza kujibu maswali haya na aseme hapana bila aibu. Kukataa si dhambi. Bali kumpokea aliyeachwa mara moja, kisha kumwacha mara ya pili, huo ni ukatili uliovaa nguo ya huruma. Ahadi ni deni, hata kama aliyeahidiwa hajui kusoma.

Pili, na ampokee kwa saburi. Mbwa aliyetupwa haijui sauti yetu. Pengine ataogopa ufagio, pengine atakilinda chakula chake kwa kunguruma, kwa kuwa alizoea njaa. Apewe mahali pa utulivu, maji safi, na mkono mmoja wa kumlisha kila siku kwa saa ile ile. Watoto wasiachwe peke yao naye mpaka tabia yake ijulikane. Asipigwe ili apende. Hakuna kiumbe aliyefunzwa kupenda kwa fimbo.

Tatu, na amkumbuke jirani. Kabla ya kumwingiza nyumbani, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo, achunguzwe, achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mara daktari asemapo. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, walio wengi katika Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao. Wataalamu hutufundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Na mtu aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa maana dalili zikiisha kuonekana, karibu hakuna aponaye. Mwenye kupenda mbwa wake asiyechanjwa, naye hajali mtoto wa jirani, upendo wake una kasoro kubwa.

Lakini wako watakaosema, "Watoto wa watu wana njaa, nanyi mwataka tulishe mbwa?" Swali hili ni la haki, wala tusilipite upesi. Mwanamke Mkanaani katika Mathayo 15 alikubali kwamba mkate wa watoto hutangulia. Hata hivyo aliona kwamba chini ya meza ile ile pana sehemu ya mbwa; na neno la Kiyunani lililoandikwa pale lataja mbwa wadogo, kama wale wa nyumbani. Basi utaratibu ni huu: mtoto kwanza, lakini mbwa asisahauliwe. Mtazameni tena tajiri wa Luka 16. Maskini Lazaro alilala mlangoni pake, na mbwa wakaja kumlamba vidonda. Tajiri yule hakuhukumiwa kwa kulisha mbwa kupita kiasi. Alihukumiwa kwa kuwa mlango wake ulikuwa mgumu. Moyo ukijifunza kuwa mgumu langoni, hauchagui ni nani aliye nje.

Baba yetu Martin Luther alikuwa na mbwa nyumbani kwake Wittenberg, jina lake Tölpel. Siku moja mbwa yule aliikazia macho nyama mezani, asigeuke huku wala huku. Luther alipomwona alitamani kwamba yeye mwenyewe angeweza kusali hivyo, bila fikira nyingine yoyote. Mwalimu mkubwa wa kanisa hakuona haya kufundishwa na mbwa.

Nasi na tufundishwe. Watu wengi hupenda uaminifu wa mbwa, lakini hawataki kuwa waaminifu kwake. Wataka mlinzi asiyelala, nao wenyewe husinzia katika ahadi zao. Mtu asiyeshika ahadi kwa mbwa aliye mlangoni, ataishikaje kwa mke wake, kwa mdeni wake, au kwa usharika wake? Lakini Mungu alitupokea sisi tulipokuwa nje, alijua gharama yetu yote, akailipa, wala hajatufungulia lango usiku ili twende zetu. Anayeshika neno hili moyoni, mlango wake utajulikana na watu, na hata mbwa wataujua.

Bwana atupe mikono mipole na ahadi zisizovunjika. Amina.