Mkubwa Hunawishwa Kwanza

TV niliyomnunulia mama niliipakata mwenyewe, imeviringishwa kwenye blanketi, kutoka Dodoma mjini hadi Mpwapwa, na kutoka Mpwapwa kushuka kusini hadi Kibakwe. Ni TV janja, inchi 32, inashika intaneti. Ile yake ya chogo ilikuwa imeshaanza kuonyesha watu wote rangi ya kijani. Nilirudi mjini moyo mweupe, nikijua nimemfurahisha mzazi.

Desemba nilipokwenda likizo, nilimkuta kwenye kiti chake cha karibu na mlango akitazama katuni. Mpwa wangu, mtoto wa miaka 12, alikuwa amewasha hotspoti kwenye simu aliyoachiwa na mama yake, na TV imeinasa. Katuni zilipokwisha zikafuata mechi za zamani za Yanga, kisha kijana mmoja anayecheza gemu la magari huku akipiga kelele kwa Kiingereza. Mama hajui Kiingereza. Hakusema neno. Ilipofika saa tatu akatuaga, akaenda kulala.

Nilibaki pale sebuleni nikiumia. Nilimwona mama yangu akiwa mgeni nyumbani kwake.

Enzi ya chogo, rimoti ilikuwa yake. Aliivalisha mfuko wa nailoni isiingie vumbi, akailaza chini ya mto. Saa mbili usiku ilikuwa taarifa ya habari, na majirani walijua. Watu wazima kwenye viti, watoto kwenye mkeka, na anayecheka wakati wa habari anatolewa nje. Pengine tuliithamini hivyo kwa sababu tuliingoja sana. Zanzibar walianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Sisi wa Bara tulikaa na redio hadi 1994, vituo binafsi vilipofungua njia. Vijijini tukangoja zaidi, maana TV bila umeme ni sanduku tu. Mitambo ya analojia ilipozimwa na ving'amuzi vikaingia, mama hakushindwa. Alikariri namba za chaneli zake tatu na siku ya kulipia kifurushi.

Intaneti ndiyo iliyomshinda, na si kwa sababu hana akili nayo. TV ya intaneti haina saa mbili usiku. Inangoja kuambiwa, na inamsikiliza mwenye simu. Mama ana kitochi. Zaidi ya hapo, ina kumbukumbu: kilichotazamwa jana, kesho inaleta vinavyofanana nacho. Kwa hiyo miezi yote ile ilikuwa ikimsoma mjukuu, inamjua anachopenda na anachoruka. Mwenye nyumba haikuwahi kumjua.

Mtoto simlaumu. Ana adabu, na bando analitunza kuliko sisi watu wazima tunavyotunza fedha. Anajua kwamba picha safi kabisa inaweza kumaliza GB moja kabla ya saa kwisha, kwa hiyo anashusha ubora hadi 360, na GB hiyohiyo inamfikisha karibu saa tatu. Hilo alilijua. Lakini hakuna aliyemfundisha kwamba kioo nacho kina adabu yake. Wakati wa kula huwa anachukua birika na beseni, anapiga goti, anamnawisha bibi yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Hajawahi kukosea. Kwenye TV tulimwacha anawe peke yake, na aliyemwacha ni mimi niliyeileta.

Jioni ya pili nikamwambia, "Muulize bibi anataka kuona nini."

"Bibi, unataka kuona nini?"

"Mimi? Wekeni tu mnachotaka."

Ni jibu lilelile la mama anayepakulia watu wote kisha anasema ameshiba. Tulikataa kulipokea. Akakaa kimya kitambo, akasema, "Kuna yule wa zeze. Zawose."

Hukwe Zawose alifariki mwaka 2003, baada ya kuifikisha sauti ya Wagogo hadi Ulaya. YouTube ilianzishwa 2005. Mwenyewe hakuiona, lakini usiku ule aliimba Kibakwe, na mama aliitikia kila kiitikio, tena kwa Kigogo ambacho mjukuu wake anakisikia kwenye salamu tu.

Ikaja video ya wanawake wakipiga muheme, ngoma wamezibana mapajani. Mama akainuka kidogo kitini. "Huyo wa mwisho ngoma yake imelegea. Hawakuiotesha moto." Mtoto akasimamisha picha. Akauliza ngoma inaoteshwaje moto bila kuungua. Mama akavuta mto wa kiti, akaubana mapajani, akamwonyesha mkono unavyoanguka na unavyoondoka. Nina umri wa miaka 46, na sikuwa nimewahi kujua kwamba mama yangu alipiga muheme. Mimi nami sikuwahi kumuuliza.

Sasa kila Ijumaa namtumia mpwa wangu bando kwa makubaliano kwamba jioni hiyo ni ya bibi. Mama amekwishaomba kwaya, amekwishaomba mahubiri, ameomba kuona Unguja kulivyo. Juzi aliomba Bunge. Wabunge wanakaa mkoani kwetu, akasema, na hajawahi kuwaona wakiwa kazini. Mtoto akamtafutia kikao cha asubuhi ile. Mama alitaka kusikia kama barabara yetu itatajwa.

Mpwa wangu anasema walikitazama hadi mwisho, bando likabaki kidogo sana. Haikutajwa. Bibi akamwambia Ijumaa ijayo amtafutie kingine.