Mlingoti na Kamba Zake

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walinena wahenga. Na ni wao hao walionena kuwa mtu ni watu. Semi hizi mbili zikiwekwa pamoja huzua swali: je, kumtegemea mwenzio ni udhaifu, au ndio utu wenyewe?

Jawabu limo vyomboni, katika mashua za Nungwi na majahazi yatiayo nanga Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe. Mlingoti wake huinamia mbele, na shina lake hukaa ndani ya mwashiri, gogo lililolazwa juu ya mkuku. Hapo ndipo penye nguvu yake ya kwanza. Mlingoti usio na mwashiri hausimamishwi na kamba, hata zikiwa mia.

Lakini mwashiri peke yake hautoshi. Tanga likishajaa upepo wa kusi, mlingoti hutaka kushikwa. Kamba za kuushika hukazwa upande wa joshini, utokako upepo. Ya upande wa demani hulegea tu, haina msaada. Ndivyo walivyo marafiki wengine: wapo, ila husimama pasipo na upepo.

Wala kamba haikai joshini daima. Nahodha akitaka kugeuza, hukipa chombo upepo wa nyuma. Mabaharia hufungua kamba, wakaipitisha foromali mbele ya mlingoti, kisha wakazikaza upya upande wa pili. Kamba isiyokubali kufunguliwa hulizuia tanga. Ifunguliwayo kabla ya wakati huuponza mlingoti. Mzazi amshikaye mwanawe asimwachie, na yule amwachiaye mapema, wote wawili wamekosea majira ya upepo.

Zamani kamba hizo zilikuwa za makumbi ya nazi, yale ambayo wanawake wa Paje na Bwejuu huyafukia ufukweni yaoze, wakayaponda na kuyasokota. Baharia aliyejiona shujaa kwenye mkondo alikuwa ameshikwa na mikono asiyoijua.

Basi wahenga hawakupingana. Usemi wa kwanza wamhusu asiye na mwashiri wake mwenyewe, atakaye kamba zimfanyie kazi ya mkuku. Wa pili wamhusu aliyesimama, akajua kuwa kusimama kwake si kwake peke yake. Kutegemea si aibu. Aibu ni kuwa na shina tupu, au kuisahau mikono iliyosokota kamba.