Je, Wakili Mkristu Aweza Kumtetea Mkosaji?

Jioni moja, baada ya sala ya shirika, mama mmoja aliniuliza: “Mwalimu, wakili anayemtetea mtu aliyebaka, Jumapili aendaje kupokea Komunyo?” Wengine walicheka. Yeye hakucheka, kwa maana binti wa nduguye alikuwa ametendewa uovu huo. Nilimwomba anipe juma moja nifikiri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tukumbuke habari ya Susana. Wazee wawili wenye heshima walimshitaki, na watu wote wakakubali auawe. Kijana Danieli alisimama, akawatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani? Majibu hayakupatana, na Susana akaokoka. Hiyo ndiyo kazi ya wakili. Kama siku ile watu wangalishikilia kwamba mshitakiwa wa uovu kama ule hastahili kutetewa, mtu asiye na kosa angalikufa. Kwa sababu hiyo Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 19, yampa kila mtu haki ya kuwa na mtetezi, awe mwema au mbaya.

Utasema: “Susana hakuwa na kosa. Je, yule mwenye kosa?” Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba wakili anayetetea udhalimu kwa kujua, atenda dhambi. Walimu wa maadili waliomfuata walipambanua jambo hili. Kumsaidia mtu kunyang’anya kiwanja cha mjane ni kushiriki wizi. Lakini kudai kwamba mtu asiadhibiwe pasipo ushahidi si kushiriki kosa lake. Ni kulinda haki ambayo kesho wewe mwenyewe waweza kuihitaji.

Sisi wa Goma twajua uchungu wa jambo hili. Novemba 2012, M23 walipouteka mji, askari wa serikali walikimbilia Minova, wakapora na kubaka. Kesi yao ilifunguliwa hapa Goma Novemba 2013, mbele ya korti ya kijeshi. Majaji walikwenda hata Minova kuwasikiliza wanawake, nao walitoa ushahidi nyuso zao zimefunikwa. Tarehe 5 Mei 2014, kati ya washitakiwa 39, ni 2 tu waliopatikana na hatia ya kubaka. Ni rahisi kuwalaumu mawakili wa askari. Lakini upungufu mkubwa ulikuwa katika upelelezi, ambao haukuonyesha vizuri ni nani aliyemtenda nani. Mawakili hawakuuumba upungufu huo.

Tazama sasa kesi ya Kavumu, Kivu ya Kusini. Huko watoto wa kike wapatao 40, wengine wadogo mno, waliibwa usiku na kubakwa. Waganga, wapelelezi na mawakili wa familia walikusanya ushahidi kwa uvumilivu, kidogo kidogo. Tarehe 13 Desemba 2017 korti ya kijeshi ya Bukavu ilimhukumu mbunge wa jimbo Frederic Batumike na wenzake 10 kifungo cha maisha. Nao walikuwa na watetezi. Basi mtetezi haizuii haki. Aizuiaye ni yule asiyetafuta ukweli.

Lakini wakili asijifiche nyuma ya maneno haya. Amri ya nane yamfunga kama inavyotufunga sisi. Aweza kudai ushahidi, kuhoji mashahidi, kuomba huruma. Hawezi kumfundisha shahidi uongo, wala kumpelekea jaji bahasha, wala kumwaibisha aliyebakwa ili anyamaze.

Tena, maskini je? Mtakatifu Tomaso asema wakili aweza kupokea malipo ya haki. Lakini maskini akikosa mwingine wa kumsaidia, yampasa kumsaidia, kama ipasavyo kumlisha mwenye njaa. Mtakatifu Ivo wa Bretagne, aliyefariki 1303, ndivyo alivyoishi, hata akaitwa wakili wa maskini. Na mtoto wa Goma, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, alisoma sheria, akawa rafiki wa watoto wa barabarani. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa, si ya kutetea kesi. Lakini Julai 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26, kwa sababu alikataa rushwa ili kupitisha chakula kilichoharibika. Alitangazwa Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Alijua kwamba elimu ya sheria ni amana, haiuzwi.

Juma lilipokwisha, nilimjibu yule mama hivi: “Mama, kama wakili huyo asema kweli, aende kwenye Komunyo. Kama asema uongo, apitie kwanza kwenye kiti cha maungamo. Nawe mtafutie binti wakili wake, ili naye asisimame peke yake.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Utatusindikiza?” Nikasema: “Ndiyo.” Maana nisingaliweza kuandika haya yote na kubaki nyumbani.